Begi langu bado liko chini ya kitanda

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni msichana wa miaka 16. Jarida hili hununuliwa na mama mdogo, mimi hulichukua akishalala nikasoma ukurasa wako. Naomba usitaje jina langu wala ninapoishi.

Tangu nina miaka 4 nimehama mara saba. Mama yangu anakunywa. Asipokunywa ni mtu mzuri sana, anajua kuchekesha, na anajua kunisuka bila kuniumiza. Akirudia pombe anapotea siku nne, siku tano. Ndiyo nikapelekwa kwa jirani, kisha kwa bibi mzaa baba mpaka alipougua, kisha kituo cha kulelea watoto, nikarudishwa kwa mama, nikachukuliwa na familia moja ambayo baada ya muda ilisema nina tabia ngumu, nikaenda kituo kingine. Sasa niko kwa mama mdogo na mume wake, huu ni mwezi wa nane. Wana watoto wawili, wa kiume miaka 11, wa kike miaka 6.

Hapa nina chumba changu. Hakuna anayenipiga wala kunisimanga. Hilo ndilo linalonichanganya, kwa sababu kule kwenye shida nilikuwa nimetulia, na huku kusiko na shida ndiko nimekuwa mtu wa ajabu.

Begi langu sijawahi kulimaliza kulitoa vitu. Sare za shule ziko kabatini, lakini nguo nyingine nazitoa begini, navaa, nikishafua nazikunja na kuzirudisha. Mswaki nao nautunza humo. Yule mdogo aliniuliza, "Dada, unasafiri lini?" Nilikosa la kumjibu.

Wiki tatu zilizopita nilichelewa kurudi. Nilikuwa kwa rafiki yangu na sikuaga. Nilipofika saa mbili usiku mama mdogo alipaza sauti, "Ulikuwa wapi? Tumekutafuta roho juu!" Hakunigusa. Mimi nikaingia chumbani, nikatoka na begi, nikakaa kwenye ngazi za nje kusubiri kuchukuliwa. Sijui nilidhani nani angekuja kunichukua. Baba mdogo akatoka, akakaa ngazi ya chini yangu, akanyamaza muda mrefu, mwishowe akasema kumepoa, tuingie ndani. Tukaingia. Asubuhi mama mdogo alinisalimia kama siku zote, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Nilijua kuna jambo wanapanga.

Tangu siku ile naharibu kila kitu. Najibu vibaya. Mbele ya wageni nilimwambia mama mdogo, "Wewe si mama yangu." Yule wa kiume alikuwa ametengeneza meli ya vipande vya mbao, wiki nzima anaigundisha, nikaivunja makusudi. Kila nikifanya kitu cha namna hiyo kuna sauti ndani inasema haya, sasa wanifukuze tumalize. Mama mdogo akinikumbatia sisikii chochote, nakuwa kama ubao.

Na juzi mama alipiga simu. Anasema ameacha kunywa, likizo atakuja kunichukua. Alishawahi kusema hivyo. Nikifurahi naona namsaliti mama mdogo, nikikataa naona namsaliti mama.

Nilisoma mahali kwamba mtoto akikosa malezi miaka ya mwanzo ubongo wake huharibika, akikua hawezi kumpenda mtu. Ni kweli? Kama ni kweli, bora niwaambie mapema wasipoteze muda wao kwangu.

Mwenye Begi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimekaa na barua yako siku sita. Kila ninapoisoma nasimama pale kwenye ngazi, pale baba yako mdogo alipokaa ngazi ya chini yako. Nitarudi hapo, lakini nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokuamsha usiku.

Hapana. Mtu asiyeweza kupenda hakai akikumbuka mikono ya mama yake iliyomsuka bila kumuumiza.

Ulichosoma hakikutungwa, ila umekipokea nusu. Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka Romania mwishoni mwa mwaka 1989, dunia iliona vituo vilivyojaa watoto wachanga waliolala vitandani, wakilishwa na kubadilishwa nguo kwa zamu, pasipo mtu mmoja ambaye mtoto angeweza kusema huyu ni wangu. Mwaka 2000 watafiti walianza mradi Bucharest na watoto 136 wa vituo hivyo, nusu wakapewa familia za kuwalea, nusu wakaendelea kupata huduma za kawaida za nchi. Ndiyo, upweke ule ulionekana hata kwenye ubongo. Ndiyo, waliopata familia mapema walinufaika kuliko waliochelewa. Lakini habari hiyo ni ya watoto ambao hawakuwa na mtu. Wewe watu ulikuwa nao. Ulikuwa na mama anayechekesha. Ulikuwa na bibi mpaka akaugua. Shida yako ni kwamba walikatika, kila mmoja kwa wakati wake, na kukatikiwa na mtu uliyempenda ni jeraha la aina nyingine kabisa. Aliyekatikiwa alishajua kushika.

Tena nikusomee habari ambayo hukuikuta mahali pale. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, wakawaandama mpaka utu uzima. Wengi wa waliozaliwa kwenye nyumba zenye ulevi, ufukara au ugomvi usiokwisha walipata matatizo, lakini karibu thuluthi moja yao walikua vizuri, na kitu kimoja kilichojirudia kwa hao ni mtu mzima mmoja aliyesimama nao, hata kama hakuwa mzazi. Hilo husemwa mara nyingi. Mimi huwa nawafikiria zaidi wale walioyumba walipokuwa na umri kama wako. Walipofika miaka ya thelathini na arobaini, wengi wao walikuwa wametengemaa. Hakuna aliyewafungia hesabu walipokuwa na miaka 16. Usijifungie wewe.

Sasa turudi kwenye ngazi.

Nitakuambia ninachokiona katika barua yako, na kama nimekosea uniandikie unisute. Wewe unajua ugomvi unavyoanza kuliko mtu yeyote wa nyumba hiyo. Unajua sauti inavyobadilika kabla haijapanda, unajua hatua za mtu aliyekasirika zinavyosikika kwenye korido. Ila hujawahi kuona ugomvi ukiisha. Kila mara ulipofika katikati, uliondolewa. Mama akapotea. Familia ile ikapiga simu kituoni. Ni kama mtu aliyetazama mwanzo wa michezo saba, kila mara taa ikazimwa kabla ya kipindi cha pili. Kichwani mwako ugomvi una sehemu mbili tu, kelele na begi.

Kwa hiyo asubuhi ile mama mdogo alipokusalimia, uliona kitu ambacho hukuwa na jina lake. Ukakipa jina unalolijua: wanapanga. Mwanangu, hawakuwa wanapanga. Ile ndiyo sehemu ya tatu. Watu wanakasirika, wanalala, wanaamka, wanasalimiana, kwa sababu nyumba inaendelea na wewe umo ndani yake.

Nayajua haya kwa sababu yamenipata. Nilikuwa na miaka 13 nilipofikishwa kwa mwanamke ambaye mpaka leo namwita Bibi ingawa hatuna damu moja. Ilikuwa nyumba yangu ya tano. Mwezi wa pili nilisahau bomba wazi usiku, maji yakatoka bafuni yakaingia sebuleni, kwenye kasha la picha za marehemu mume wake. Alipiga kelele ambazo sikujua kama anazo. Nililala na viatu miguuni ili nikiitwa nisipoteze muda. Alfajiri akagonga mlango, ameshika trei imejaa picha zilizolowa, akasema, "Njoo tuzianike, mikono yangu inatetemeka." Tukazitandaza moja moja juu ya meza. Nilipoona amemaliza nikamuuliza naondoka saa ngapi. Akanitazama. "Uende wapi?"

Hakuuliza kwa upole. Alishangaa kabisa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ukuta uko pale. Kwake hasira na kuniondoa vilikuwa vitu viwili visivyojuana. Kwangu vilikuwa kitu kimoja tangu nizaliwe. Mbili kati ya zile picha zilikufa kabisa, na moja ilibaki na doa kubwa la maji kwenye bega la marehemu. Aliitundika ukutani hivyohivyo, na siku akiifuta vumbi husema, "Hii ya mafuriko yako," halafu anaendelea kufuta. Sikupona siku ile. Viatu niliendelea kulala navyo mwaka mzima na zaidi. Lakini nilikuwa nimeshaona ugomvi mmoja mpaka mwisho, na mtu akishauona mmoja anajua kwamba ugomvi huisha.

Kuna jaribio maarufu la mtafiti Edward Tronick, la miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha anaambiwa aukaushe uso kwa dakika chache tu, asitabasamu, asijibu. Mtoto anatabasamu, anapiga kelele, anajaribu kila alichonacho ili uso urudi. Usiporudi, anageuka pembeni. Watu hukumbuka sehemu hiyo kwa sababu inauma kuitazama. Lakini Tronick aliendelea kuwachunguza kina mama na watoto wao wa kawaida kabisa, akaona kwamba hata wanaopendana vizuri huwa hawako pamoja sehemu kubwa ya muda. Mmoja anataka kucheza, mwingine amechoka. Mmoja anatazama huku, mwingine kule. Wanapotezana, wanatafutana, wanapatana tena, mamia ya mara. Imani ya mtoto inajengwa na kule kupatana tena. Wewe ulipotezwa mara nyingi sana na ukatafutwa mara chache. Ndiyo maana unawajaribu.

Na sauti ile inayosema wanifukuze tumalize, mimi siioni kuwa ya mtu mbaya. Ni ya mtu aliyechoka kusubiri. Kama mwisho utakuja, angalau uje siku uliyoichagua wewe. Kule kituoni ulikuwa umetulia kwa sababu hapakuwa na cha kupoteza. Hapo ulipo kipo, na mwili wako umeshajua hilo kabla yako. Hilo peke yake lingetosha kunionyesha kwamba unaweza kupenda.

Lakini meli ya mtoto imevunjika, na kuielewa sababu hakuigundishi. Hapa sitakubembeleza. Kijana wa miaka 11 aliyefanya kazi wiki nzima hajui habari za nyumba zako saba, anachojua ni kwamba dada yake aliingia akaivunja. Nenda kwake. Usipeleke machozi mengi, atalazimika kukubembeleza na si kazi yake. Sema, "Nilivunja meli yako makusudi. Haikuwa haki. Nataka nikusaidie kutengeneza nyingine, ukikubali." Anaweza akasema hataki. Anaweza akakuambia utoke. Hapo kila kitu ndani yako kitakuambia ukatafute begi. Usilitafute. Toka chumbani kwake, nenda ukakae sebuleni walipo wengine, ukae tu. Kesho au keshokutwa ukimkuta na mbao zake muulize kama anataka umshikie kipande. Hivyo ndivyo ugomvi unavyoisha, kidogokidogo na bila sherehe. Na huu utakuwa wa kwanza uliomaliza wewe mwenyewe.

Kuhusu lile la "wewe si mama yangu". Ulilisema ili liumize, na liliumiza, kwa hiyo mwombe radhi kwa namna ulivyolisema. Ukweli wenyewe huna haja ya kuuombea radhi. Yeye ni mama mdogo. Kiswahili kilishakupa neno ambalo ndani yake kuna mama na bado si yule mama, na mwanya uliobaki ndimo unamoishi sasa hivi. Kaa humo. Hulazimiki kumwita vingine leo wala mwakani, na ukisikia siku moja "mama" limekutoka lenyewe jikoni, usijishtukie.

Kukumbatiwa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye alianza kuwachunguza kina mama na watoto wachanga Uganda mwaka 1954 kisha akaendelea Marekani, aliona watoto ambao mama akitoka hawalii na akirudi hawamtazami, wanaendelea na mwanasesere kama hakuna aliyepita. Walionekana hawajali. Baadaye watafiti wengine walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, waliyakuta yamepanda. Ubao wako, mwanangu, una moyo unaokimbia chini yake. Usijilazimishe kuhisi. Mwambie mama mdogo, au mwandikie kwenye karatasi kama mdomo ni mzito, kwamba kukumbatiwa bado ni kugumu na kwamba ungependa kitu kidogo zaidi. Pengine mkono begani wakati wa kupita. Pengine akae tu kando yako kama baba mdogo alivyokaa. Yule baba, kwa kweli, hakusoma kitabu chochote kilichomfundisha kuchagua ngazi ya chini, lakini alichagua ya chini, ili usitazamwe kutoka juu.

Sasa mama yako. Kumpenda hakupunguzi kitu kwa mama mdogo, na kumpenda mama mdogo hakumfuti mama. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 9, unamtambua mtoto aliyetenganishwa na mzazi kuwa na haki ya kuendelea kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa kama kufanya hivyo ni kinyume cha maslahi yake. Kwa hiyo ukifurahi aliposema ameacha pombe, furahi. Ukiogopa kwa sababu alishasema hivyo, ogopa. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja, vimekaa kwangu miaka mingi.

Ila swali la wapi utaishi usilibebe wewe. Hilo ni la watu wazima, na kazi yao ni kukusikiliza kabla ya kuamua. Kifungu cha 12 cha mkataba huohuo kinakupa haki ya kusema unavyoona. Mwambie mama mdogo leo kwamba mama amepiga simu na ameahidi nini. Mwombe yeye azungumze na dada yake, na kama mama anakuja, aje kwanza kukuona hapo ulipo, kwa siku iliyopangwa, na mtu mzima mwingine akiwepo. Kama kuna ofisa wa ustawi wa jamii anayeshughulikia habari zako, naye aambiwe. Mama asipotokea siku hiyo utaumia, lakini utaumia ukiwa ndani, na watu, si kwenye ngazi. Na ulevi wake, uusikie huu vizuri: hukuuleta wewe, na huwezi kuuondoa kwa kuwa mtoto mwema zaidi.

Likikujia wazo la kujidhuru, au ukianza kuamka usiku ukiwa umerudi kwenye nyumba za zamani, usisubiri barua yangu. Siku hiyohiyo mwamshe mmoja wao, au mwambie mwalimu unayemwamini akupeleke kwa mshauri. Kuna watu waliosomea hasa maumivu ya namna hii.

Begi liache chini ya kitanda. Sitakuambia ulitoe vitu, na ukisikia mtu anakushinikiza ulitoe, mwambie Shangazi amekataa. Lilikulinda pale ambapo hapakuwa na mwingine. Ninachokuomba ni mswaki. Utoe, uuweke bafuni kwenye kikombe na ya wenzako. Siku mbaya ikija ukataka kuurudisha begini, urudishe, halafu kesho yake uutoe tena.

Na wewe mama mdogo, kwa sababu jarida ni lako na huenda umefika hapa kabla yake: usimwambie umejua. Nina ombi moja. Ukimkasirikia, na utamkasirikia, maliza sentensi kwa sauti. "Nimekasirika sana, na kesho bado uko hapa." Wewe unaona ni jambo linalojulikana, huna haja ya kulitamka. Yeye halijui. Litamke kila mara, hata mara ya mia, hata akikugeuzia mgongo huku unalitamka.

*

Shangazi, habari za kazi.

Nimemchukua mpwa wangu wa miaka 14 baada ya maisha magumu kwa baba yake, ambako alikuwa akifungiwa nje na kulala njaa. Ana nidhamu, anasoma, hana neno. Lakini anaficha chakula. Mke wangu amekuta mikate kwenye viatu vyake, chini ya godoro, hata ndani ya begi la shule, mingine imeota ukungu. Kwetu chakula hakikosekani na hajawahi kunyimwa. Mke wangu anasema huu ni wizi na tukiunyamazia utakua. Mimi namwonea huruma ila sijui la kufanya.

Mjomba

*

Mjomba, mwambie shemeji yangu kwa heshima zote kwamba mwizi huchukua cha mtu. Huyu anaweka akiba. Alishajifunza kwamba chakula cha leo hakisemi lolote kuhusu kesho, na alijifunza kwa tumbo, kwa hiyo maneno yenu hayatalifikia tumbo haraka. Watoto wengi waliokaa na njaa hufanya hivi, hata baada ya miezi mingi ya kushiba.

Msimkamate, msimpekue, msimwite mbele ya wenzake. Mtafutieni boksi lenye kifuniko, liwe chumbani mwake, liwe lake. Jazeni vitu visivyooza upesi. Mwambie wewe mwenyewe, mkiwa wawili, "Hiki ni chako, saa yoyote, hata usiku, na kikipungua nitaongeza." Kisha kazi yako ni moja, usiache boksi likawa tupu hata siku moja. Ukisahau mara moja tu atalihesabu. Mwonyeshe pia mnapoweka chakula cha nyumba, na ajue muda wa kula ili asilazimike kukisia. Mwanzoni anaweza akala kupita kiasi, au akaficha zaidi kuona kama mtabadilika. Vumilieni. Akila mpaka anatapika, au akinyauka licha ya kula, mpelekeni kwa daktari.

Na mkikuta tena mkate wenye ukungu kwenye kiatu, utoeni, kisafisheni kiatu, kirudisheni palepale alipokiweka, halafu angalieni kama boksi limejaa.